Vizibo saba

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mtoto wa chekechea anajifunza nini hasa kwa siku moja?" Mimi nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, kijijini, wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nitawajibu kwa siku moja tu, Jumanne ya wiki iliyopita, kwa sababu siku hiyo bibi mmoja aliniuliza karibu hivyo hivyo mlangoni, kalifunua daftari la mjukuu wake: "Mwalimu, mbona leo hajaandika kitu?"

Ni kweli, hakuwa ameandika kitu. Lakini asubuhi ile nilimwona akivuka mahali ambapo nilikuwa namngojea tangu Januari.

Watoto huanza kuingia kabla ya saa mbili. Nawapokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, maana wengi wao hukianza Kiswahili hapa hapa mlangoni. Mtoto wa miaka mitano akisema "minzi", ana kiu. Nampa maji kwanza, kisha namtajia neno la Kiswahili, naye analirudia kikombe kikiwa bado mdomoni. Wapo walimu wanaokataza Kisukuma darasani. Siwaungi mkono hata kidogo. Mtoto ukimnyamazisha wiki ya kwanza, utakaa naye mwaka mzima hujasikia sauti yake.

Tunaimba, tunakagua kucha, tunataja siku. Kisha tunapiga makofi kwa majina yetu, kofi moja kwa kila silabi: jina fupi makofi mawili, refu manne. Mpita njia ataona tunacheza. Lakini mtoto asiyesikia kwamba neno lina vipande, hata umwandikie ba be bi bo bu ubao mzima, ataziimba tu bila kuzisoma.

Hesabu ndiyo ilikuwa na kazi siku hiyo. Kona yetu ya hesabu ina vijiti, kokoto na vizibo vya soda nilivyookota kwa miaka. Mjukuu wa yule bibi alikuja shule akijua kuhesabu mpaka ishirini bila kukosea, na nyumbani walijivunia sana. Ila ukimpa vizibo saba, mdomo ulikuwa unakimbia kuliko kidole: mara vinakuwa kumi, mara tisa. Na ukimuuliza "Viko vingapi?" anaanza upya, "Moja, mbili, tatu..."

Jumanne alivipanga mstari kwenye mkeka bila kuambiwa. Akawa anavuta kimoja kimoja kwenda upande wa pili, na namba haitoki mpaka kizibo kimefika. Alipomaliza nikamuuliza, "Viko vingapi?" Akanyamaza. Akavitazama. "Saba." Nikavitawanya kwa kiganja mpaka kimoja kikaingia chini ya mkeka, tukakitoa. "Na sasa?" Akanishangaa. "Si saba tu, mwalimu!" Jirani yake hakuamini, akaanza kuvihesabu mwenyewe.

Nililiona hilo kwa sababu alikaa karibu na miguu yangu. Darasa langu lina watoto 84, na kiwango cha serikali kwa mwalimu wa awali ni watoto 25. Ada ilipoondolewa mwaka 2016 tulifurahi, na bado nafurahi, maana wengi wa watoto hawa wangebaki kuchunga. Ila chumba kilibaki kile kile, na mwalimu mmoja. Inaniuma nikifikiria ni wangapi wamevuka pale pale pa huyu mtoto nikiwa nimewapa mgongo, bila mtu wa kuwauliza, "Na sasa?"

Saa nne tunakunywa uji, wote, aliyechangiwa unga na asiyechangiwa. Baada ya hapo ni kucheza nje, kunawa, hadithi, na wawili watatu wanasinzia.

Basi saa sita ndipo bibi akaja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaniuliza habari ya daftari. Sikutaka kumweleza mambo ya mtaala. Nilimwambia, "Bibi, leo jioni mwambie akuhesabie kitu chochote cha hapo nyumbani, halafu umuulize viko vingapi."

Jumatano alikuwa mlangoni kabla ya kengele. "Mwalimu, huyu jana kanihesabia vifaranga. Kasema saba. Nikamwambia ni nane, vifaranga vyangu mwenyewe navijua. Akakataa! Akanishika mkono, tukahesabu tena pamoja."

Vilikuwa saba. Cha nane walikikuta kimenasa nyuma ya pipa la maji, bado kiko hai.