Usinyambue Herufi, Eleza Kilichotokea

Nimefanya kazi miaka mingi na meinfremu, yaani kompyuta kubwa, za benki nje ya nchi, na tangu nihamie Dodoma wanaoniuliza maana ya vifupisho vyetu ni wengi: vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na shemeji yangu mhasibu anayefanya kazi mji wa Serikali, Mtumba. Ushauri wangu kwa wenzangu wa fani ni huu: usianze kwa kunyambua herufi. Ukimwambia mtu kuwa DASD ni kifaa cha kuhifadhi data kinachofikiwa moja kwa moja, bado yuko gizani. Mwambie ni diski, muendelee.

Anza na kilichotokea na kinachomgusa yeye. Tuseme kazi ya usiku ya kukokotoa mishahara imesimama. Sisi tunaambiana, "Imeabendi, S0C7," na tunaelewana. Shemeji namwambia hivi: "Programu imekuta kitu kisicho namba mahali pa namba, ikakataa kuendelea. Mishahara bado haijatoka. Tunaitafuta rekodi yenye kasoro." Mara nyingi ni sehemu iliyoachwa tupu. Akishaelewa hivyo, atauliza swali la maana: ni rekodi ya nani? Pengine anayo majibu yeye mwenyewe, kwa kuwa data ni yake. Ndiyo sababu nalishikilia sana jambo hili.

JCL, maelekezo tunayoipa mashine ili iendeshe kazi, naifananisha na karatasi ya kifurushi pale stendi ya Nanenane: endesha programu hii, chukua faili hili, matokeo yapeleke kule. Inatosha.

IPL ni kuwasha mfumo upya. Mtu atauliza, "Kwa nini msizime na kuwasha tu?" Mjibu kwa heshima, maana kwenye kompyuta yake ndivyo afanyavyo. Mashine moja inaweza kuwa inahudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kwa hiyo IPL hupangiwa muda na watu hutaarifiwa.

EBCDIC usiitaje mpaka faili lifunguke likiwa limejaa alama za ajabu. Hapo mtoe hofu: si kirusi cha kompyuta, ni herufi zilizoandikwa kwa msimbo wa meinfremu, zigeuzwe wakati wa kuhamisha. Ila kama faili lina namba zilizobanwa, tarakimu mbili kwenye baiti moja, usiligeuze lote kama maandishi, utaziharibu. Mwombe aliyelituma azitoe kwanza kama namba za kawaida, kisha alitume tena.