Re: Mapambo ya Krismasi bila kwenda dukani

Dada wa Uyole, umeuliza utapambaje sebule Krismasi hii kwa vitu vya nyumbani tu. Mimi niko Mafinga, paini zimetuzunguka, basi naanzia hapo.

Okota yale matunda makavu ya mpaini, yale yenye magamba. Desemba mvua zinanyesha, kwa hiyo utayakuta yamejifunga kama ngumi. Usiyatupe! Yaweke kando ya jiko la mkaa, mbali kidogo na moto, usiku mmoja tu. Yakikauka magamba yanafunguka yenyewe. Yafunge uzi mwekundu, yaning'inize dirishani. Mwaka jana niliyasogeza mno jikoni, utomvu ukachuruzika nikakesha nasugua sakafu. Utomvu huo huo unashika moto haraka, kwa hiyo mishumaa kaa nayo mbali.

Mnyororo wa karatasi waachie watoto: madaftari ya zamani, gundi ni uji mzito wa ngano. Kwa fundi cherehani omba vipande vya vitenge, uvifunge vifundo vifundo kwenye kamba ya katani. Mimi hiyo naipenda kuliko yale ya kung'aa ya dukani, sijui wenzangu.

Ukitaka tawi bichi, mwombe mwenye shamba kwanza.