Silikanti na chura wa Kihansi
Ndugu, umeuliza kama silikanti na chura wa Kihansi wana undugu kwa kuwa wote wawili huzaa badala ya kutaga. Hapana, hawana undugu wa karibu. Silikanti ni samaki mwenye mapezi ya nyama. Hukaa kwenye mapango ya chini sana baharini, Tanga ikiwemo, na hufika karibu mita 2. Chura yule ni amfibia wa manjano asiyezidi sentimita 3. Makazi yake yalikuwa manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Bwawa la umeme lilipochepusha maji mwaka 2000, manyunyu yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini chura akatoweka porini. Vyura waliokuwa wakifugwa Marekani walianza kurudishwa 2012. Silikanti yuko hatarini mno, ila bado yumo baharini. Adui yake Tanga ni jarife, nyavu za papa.