Kabla Hujamsomea Mwanao Kisa cha Cassie Logan

Majira ya baridi yaliyopita, binti yangu mwenye umri wa miaka 10 alirudi kutoka shuleni, hapa tunapoishi Columbus katika jimbo la Ohio, akiwa na riwaya ya Mildred D. Taylor iitwayo Roll of Thunder, Hear My Cry. Nilimwacha aende nayo chumbani peke yake, nikiamini kwamba kitabu kilichotoka mwaka 1976, kikapata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, na ambacho watoto wa Marekani wamekisoma madarasani kwa miaka mingi, hakiwezi kuwa na jambo la kumwelemea. Baada ya siku chache alinifuata jikoni, akaniuliza kwa nini bibi yake Cassie, msichana anayesimulia kisa, alimgeuka mjukuu wake mbele ya watu. Nikamjibu upesi, mwiko ukiwa mkononi, kwamba bibi yule alikuwa mwoga. Jibu hilo lilikuwa kosa, na nimeona niandike haya kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao watoto wao watakuja nyumbani na kitabu hikihiki.

Nilikosea kwa sababu nilikuwa sijakisoma. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mzazi akisome chote, mpaka ukurasa wa mwisho, kabla mtoto hajafika katikati. Kisa kinatokea Mississippi katika miaka ya 1933 na 1934, na msimulizi ni Cassie, msichana wa miaka tisa mwenye kaka mmoja, Stacey, na wadogo zake wawili wa kiume. Hajui bado ni nini hasa kinachowatenganisha watu wa kwao na Wazungu wa pale. Anagundua jambo moja moja, kwa kuumia. Ukianza kwa kumpa mtoto mhadhara mrefu kuhusu utumwa na sheria za ubaguzi, utakuwa umemnyang'anya nafasi ya kugundua pamoja na Cassie. Mimi nilisubiri swali, kisha nikatoa kipande kidogo cha historia kinachotosha swali hilo tu. Kwa mfano, katika sura ya kwanza watoto wa Logan wanatembea mwendo mrefu kwenda shule, na basi la shule ya Wazungu linawapita kwa makusudi likiwafunika vumbi, na baadaye, mvua zilipoanza, likiwarushia tope. Binti yangu hupanda basi la shule kila asubuhi. Aliponiuliza kwa nini hawakupewa lao, ndipo nilipomweleza kwamba Mahakama Kuu ya nchi hii iliamua mwaka 1896 kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni halali ilimradi huduma ziwe sawa, kwamba usawa huo haukuwahi kuonekana, na kwamba kwa upande wa shule uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 1954.

Tulianza upya, safari hii kwa sauti, yeye akisoma Kiingereza nami nikimsimulia tena kwa Kiswahili pale palipohitaji kutulia. Nawasihi wazazi wanaoweza kufanya hivyo wafanye, kwa maana lugha yetu ilitufungulia mambo ambayo yangepita bila kuonekana. Hammer, kaka yake David Logan, baba wa Cassie, kwetu hawezi kuwa mjomba; ni baba mkubwa, na mara tulipomwita Baba Mkubwa, binti yangu alielewa kwa nini ghadhabu yake kwa alichotendewa Cassie ni ghadhabu ya mzazi. Vilevile, mjini Strawberry, Cassie anamgonga kwa bahati mbaya msichana wa Kizungu, Lillian Jean, na ingawa ameshaomba radhi, baba wa msichana huyo anamkunja mkono, anamsukuma barabarani na kumtaka arudie kuomba radhi kwa kutanguliza neno la heshima kabla ya jina la mtoto mwenziwe. Kwa Kiingereza neno hilo ni dogo sana, na binti yangu hakuona uzito wake. Nilimwambia awaze kwamba analazimishwa na mtu mzima, mbele ya barabara nzima, kumwamkia mtoto mwenziwe shikamoo. Akafunika kitabu kwa muda.

Yapo maneno ya kudhalilisha watu weusi katika riwaya hii, na mojawapo limeandikwa katika orodha ya waliokitumia iliyo ndani ya kitabu cha shule ambacho mdogo wake Cassie, mwenye miaka sita, anapewa siku ya kwanza. Ni kitabu kilichotumiwa na watoto wa Kizungu mpaka hali yake ikaandikwa kuwa mbaya sana, ndipo kikapelekwa kwa watoto weusi. Mtoto anakitupa chini na kukikanyaga. Mama yao, ambaye ni mwalimu wa shule hiyohiyo, anachukua karatasi na gundi na kubandika juu ya orodha ile ya aibu. Sikuruka neno hilo, wala sikulirudia kwa Kiswahili. Nilimwachia alione lilivyochapwa, kisha tukazungumza juu ya yule mama, ambaye hakukitupa kitabu na hakukubali tusi libaki.

Jambo litakalowapita watoto wengi wa mjini ni ardhi, nalo ndilo uti wa mgongo wa kisa. Babu yake Cassie alinunua ekari 200 mwaka 1887, akaongeza nyingine 200 mwaka 1918, na za pili bado zina deni. Majirani wengi hulima mashamba ya wenye ardhi Wazungu kwa kugawana nao mavuno, wakikopa mahitaji dukani na kubaki na deni mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana bei ya pamba ilipoanguka, baba yake Cassie alikwenda Louisiana kufanya kazi ya reli ili shamba lisipotee. Mimi nilikulia Shinyanga na nimechuma pamba kwa mikono yangu, kwa hiyo nilimweleza jinsi ganda lake kavu linavyochoma vidole, na jinsi babu yangu alivyosimulia wakulima wa Kanda ya Ziwa kupunjwa kwenye mizani mpaka wakaunda vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950. Tumieni kumbukumbu za namna hiyo, lakini msiseme kwamba ilikuwa hali moja. Waliompunja babu yangu hawakuwahi kuja usiku na kamba.

Kwa Cassie walikuja. Sura za mwisho zina kundi la watu linalotaka kumnyonga kijana bila kesi, na sisi tulizisoma Jumamosi asubuhi, bila kukatiza, ili asilale na nusu ya hofu ile. Aliniuliza kama mambo hayo yalitokea kweli. Nilimjibu kwamba yalitokea, na kwamba katika jimbo hilohilo la Mississippi, mwaka 1955, mvulana mweusi aitwaye Emmett Till aliuawa na Wazungu akiwa na miaka 14.

Narudi kwa bibi. Big Ma ndiye aliyemwamuru Cassie aombe radhi tena pale Strawberry, na siku niliyoifikia sehemu hiyo mwenyewe niliona aibu kwa jibu langu la jikoni. Bibi yule alimwona mwanamume mwenye hasira, akaona watu waliokusanyika bila hata mmoja atakayemtetea mtoto, akapima, akachagua mjukuu arudi nyumbani mzima. Usiku huo Mama anaketi na Cassie na kumweleza yote, bila kupunguza. Nilimwita binti yangu nikamwambia kwamba nilimsingizia bibi wa watu, tukasoma kurasa hizo pamoja mara mbili. Alipomaliza aliniuliza kama nami ningemwamuru aombe radhi. Nikasema ndiyo, ningemwamuru, na usiku ningemweleza sababu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mama, usisubiri usiku. Nieleze njiani."