Ukitaka kuchora vita, anza na mgongo wa farasi

Karibu kila mwanafunzi mpya anayeingia karakana ya uchapaji na hamu ya kuchora vita huanza na panga na damu. Mimi pia. Matokeo yake ni fujo tupu: watu 40 na jicho halina pa kutua.

Aliyenifungua macho ni mchoraji na mchapaji wa picha Antonio Tempesta, mzaliwa wa Florence, Italia, mwaka 1555. Tempesta kwa Kiitaliano ni dhoruba, na ukiona farasi wake utakubali kwamba jina limempata mwenyewe. Alijifunza kwa Santi di Tito, kisha kwa Jan van der Straet, Mflandria (wa Ubelgiji ya leo) aliyekuwa akipamba jumba la Palazzo Vecchio mjini Florence chini ya mchoraji Giorgio Vasari. Baadaye akahamia Roma, akachora kuta za Vatican, na mwaka 1593 akatoa ramani ya mji huo katika karatasi 12. Huko Roma ndiko alikofia mwaka 1630, akiwa ameacha picha za kuchapwa zaidi ya 1,000.

Chukua moja ya vita vyake, ufunike juu kwa karatasi, ubakize sehemu ya chini tu. Mara nyingi utakuta farasi mmoja mkubwa amekupa mgongo, mapaja yamejaa misuli, mistari yake mizito. Huyo ndiye mlango wa kuingilia pichani. Nyuma yake mikuki inalala mshazari, na jicho linaifuata mpaka kwenye kundi la mbali, ambalo ni mistari myembamba tu. (Farasi wenyewe wanafanana kama pacha, sitakuficha. Mtu wa mabamba ya shaba elfu moja hawezi kumbembeleza kila mnyama.)

Umbali huo unatoka kwenye tindikali. Bamba la shaba unalipaka nta, unachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, unalitumbukiza kwenye tindikali ili iile mistari hiyo. Mistari ya mbali ikishaliwa kidogo, toa bamba, izibe kwa vanishi, kisha rudisha ili ya mbele iendelee kuliwa. Usiwe na haraka hapa. Na kumbuka kwamba picha ikichapwa kwenye karatasi hugeuka, kulia kunakuwa kushoto: askari wangu wa kwanza walitoka wote wakishika upanga kwa mkono wa kushoto, jeshi zima la mashoto, na mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Siku hizi naweka kioo mezani.

Usione haya kufuata mchoro wa mwenzako. Picha 36 za vita vya Wabatavi, kabila la kale la Uholanzi, dhidi ya Warumi, za mwaka 1612, Tempesta alizichora kwenye shaba kwa kufuata michoro ya mchoraji Otto van Veen. Rembrandt, mchoraji maarufu wa Uholanzi, naye alikuwa na picha za Tempesta nyumbani kwake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza acha panga. Nakili farasi mmoja wa Tempesta kwa penseli, aliyekupa mgongo, mara kumi. Ukimaliza, mgeuze kwenye kioo umchore tena, ndipo uombe shaba.