Jiki badala ya daikromati: inafaa, ila ipime kwanza

Mkuu, umeuliza kama jiki ya dukani inaweza kushika nafasi ya potasiamu daikromati (kioksidishaji cha kromiamu chenye rangi ya chungwa) kwenye praktiko ya kuoksidisha alkoholi iwe ketoni, maana bajeti ya chuo chenu imebana. Inaweza. Mimi ni fundi maabara hapa Dar na kwa kazi hiyo daikromati nimeshaiweka kando. Kromiamu ya aina ile inasababisha saratani na maji yake si ya kumwaga kwenye sinki, wakati jiki ikishaoksidisha inakuachia chumvi ileile ya mezani.

Njia yenyewe si ya kuungaunga. Stevens na wenzake waliichapisha mwaka 1980: jiki pamoja na asidi ya asetiki kwa alkoholi za daraja la pili, yaani zile zinazogeuka ketoni.

Panapowakwamisha wengi ni nguvu ya jiki. Lebo inaweza kusema asilimia 3.5 ya sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya jiki, lakini kitu hiki hujivunja chenyewe, na joto na mwanga vinakiharakisha. Sasa chupa imeanikwa mbele ya duka Kariakoo jua la Februari lote, unategemea nini? Piga hesabu: gramu 10 za saiklohekzanoli, mojawapo ya alkoholi za daraja la pili, ni moli 0.1, nazo zinahitaji moli 0.1 ya haipokloraiti. Kwa jiki ya asilimia 3.5, mililita 240 zinatosha na kuzidi kidogo. Ikiwa imeshuka hadi asilimia 2, mililita hizohizo zina moli 0.065 tu, na theluthi ya alkoholi yako itabaki vilevile. Wanafunzi watalaumu mikono yao bure.

Kwa hiyo ipime asubuhi ya praktiko. Chukua mililita 25, ongeza maji hadi 250. Pipeti 25 za mchanganyiko huo, tia potasiamu ayodaidi ya kutosha na asidi ya asetiki, itageuka kahawia. Shusha sodiamu thayosalfeti ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kutoka kwenye bureti, rangi ikififia kuwa njano weka wanga, endelea mpaka bluu ipotee. Jiki ya asilimia 3.5 kamili itakula karibu mililita 23.5. Ikila 13, unajua umeuziwa maji ya kufulia.

Nunua ile ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni. Ile nzito itakutolea povu kwenye faneli ya kutenganishia hadi uchoke.

Jiki imimine kidogokidogo ndani ya alkoholi na asidi, barafu ikiwa karibu, joto lisivuke nyuzi 40. Ukimaliza, gusisha tone kwenye karatasi ya wanga na ayodaidi: ikigeuka bluu, bado kuna jiki, iue kwa sodiamu baisalfaiti kabla ya kunereka.

Fanyeni ndani ya kabati la kufyonza hewa. Asidi ya haidrokloriki isisogee hapo kabisa, inatoa gesi ya klorini palepale. Amonia nayo mbali. Na vyombo msivisuuze kwa asetoni, maana ikikutana na jiki inatengeneza klorofomu.

Kwa alkoholi za daraja la kwanza, ambazo hutoa aldihaidi badala ya ketoni, mimi siishauri. Aldihaidi haitulii hapo, mara nyingi inapitiliza hadi asidi. Na kama lengo ni kuwaonyesha kidato cha sita rangi ya chungwa ikigeuka kijani, hapo daikromati kidogo kwenye testityubu bado haina mpinzani.