Zakatul fitri mpelekee mtu mlangoni, usimwite kwa spika

Ndugu uliyeuliza, simama hapo hapo. Unasema kikundi chenu cha Kisauni kitagawa mchele wa zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani, asubuhi ya Idd baada ya sala, kwa spika na mpiga picha. Spika na mpiga picha, waambieni wasije.

Kwetu Majengo, hapa Mombasa, tulifanya vivyo hivyo. Bwana mmoja aliyejiita mjuzi wa michango alitukazania kwamba bila picha wafadhili hawatoi tena. Wallahi mpaka leo nina kinyongo naye, na sambusa zetu alizila mwezi mzima! Tukatangaza. Wakaja watu mpaka wa Likoni, ng'ambo ya kivuko, na mchele ulikuwa wa nyumba za mtaa tu. Bibi zetu wakasukumwa getini, wakapata wenye kifua.

Msukumano ukaisha siku ile ile. Picha haikuisha. Jirani yangu mmoja, mjane anayeuza viazi karai, alipigwa picha akikumbatia mfuko, ushungi umemteleza begani. Kufika magharibi ilikuwa imezagaa WhatsApp. Madrasa wakamwita mwanawe "mtoto wa mchele". Ramadhani iliyofuata nikambishia hodi, akanijibu dirishani: "Sisi tumeshiba, mwanangu." Nyuma yake jiko halikuwa na hata kaa moja. Nani alimfanya yule mama akatae chakula? Baqara aya ya 264 inakataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi (kumsimanga uliyempa) na maudhi, na mimi sioni maudhi makubwa kuliko hayo.

Kwa hiyo: mlangoni kwake, usiku, bila kamera. Kila kichwa cha nyumba ya mtoaji pishi moja, yaani vibaba vinne, kama kilo 2.5 hadi 3 za mchele. Na ifike kabla ya sala ya Idd. Hadithi inasema ikitolewa baada ya sala ni sadaka kama sadaka nyingine, kwa hiyo ratiba yenu nayo imeshachelewa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mwaweza kuanza kutoa tangu Ramadhani inapoingia, hamna sababu ya kungoja.

Pesa ikibaki, nenda duka la mtaani, lipa madeni ya unga na sukari yaliyo kwenye daftari, mwenye duka ayakate kwa kalamu na asitaje aliyelipa. Orodha ya wenye shida muulize huyo huyo, si mwenyekiti wa kikundi. Yeye ndiye anayejua nyumba gani siku hizi inanunua mafuta ya shilingi kumi.